Hisabati ya watoto: Tunapima hesabu au lugha?

Likizo iliyopita dada yangu alinijia na karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa ripoti ya binti yake aliye katika Gredi ya Pili. Ya pili ilikuwa karatasi ya mtihani wa hisabati aliofanya alipokuwa akifunga muhula. Katika ripoti hiyo, mkabala na somo la hisabati, yaliandikwa maneno matatu ambayo wazazi wa siku hizi wameyazoea na kuyaogopa: Mbali na Matarajio. Chini yake palikuwa na ushauri kwamba itakuwa vyema mtoto huyo akirudia darasa.

"Kaka," dada aliniambia, "wewe ndiwe mtu wa vitabu. Hebu nieleze kama mtoto huyu ana kasoro."

Mimi si mwalimu wa hisabati. Kazi yangu chuoni ni kufundisha isimu, yaani taaluma ya lugha, na hesabu ninazopiga mara kwa mara ni za mshahara usiofika mwisho wa mwezi. Hata hivyo, nilipoichunguza karatasi ile, nilitambua kuwa niliyokuwa nikiyatazama yalinihusu moja kwa moja. Msichana alikuwa amepata maswali saba kati ya ishirini. Yale kumi na matatu aliyokosa hayakuwa makosa ya kubahatisha. Yalikuwa na utaratibu, na penye utaratibu pana kanuni.

Ni desturi ya sisi wanaisimu kuyastahi makosa ya watoto. Mtoto asemapo "kiti yangu", hatusemi kuwa hajui lugha. Tunasema ameshika kanuni moja na kuieneza kila mahali, bado hajafika kwenye kanuni ya pili. Kosa lake ni dirisha la kuchungulia fikira zake. Swali ninalotaka kuwauliza walimu na wanafunzi wa ualimu leo ni hili: mbona dirisha hilo hulifunga mara tu somo linapogeuka kuwa hisabati?

Tuitazame karatasi yenyewe. Iliandikwa kwa Kiingereza kitupu na ilinunuliwa kutoka kwa wachapishaji wa mitihani, kama zifanyavyo shule nyingi. Mtoto aliambiwa aandike arobaini na tano kwa tarakimu. Akaandika 405. Akaambiwa aandike mia moja na sita, naye akaandika 1006. Sitini na mbili ikawa 602. Maswali manne ya aina hii alikosa yote, na kila moja lilipigwa mkasi mwekundu.

Msomaji, hebu tega sikio. Mtoto huyu anajua kwamba arobaini huandikwa 40, na kwamba tano huandikwa 5. Amesikia arobaini, kisha amesikia tano. Basi ameviandika alivyovisikia: 40 na 5, ndiyo 405. Ameandika matamshi, hakuandika thamani. Kile asichokijua ni kwamba katika maandishi ya tarakimu ile sufuri ya arobaini hujitenga ili kumpisha tano akae katika nafasi ya mamoja. Hilo ni pengo la kweli, nami sitalificha. Lakini ni pengo moja, si manne, na lina jina: thamani ya nafasi.

Lugha nazo hazimpi mtoto msaada ulio sawa katika jambo hili. Mtoto wa Kikuyu anapofika ishirini husema mĩrongo ĩĩrĩ, yaani makumi mawili. Mwenzake Mjaluo husema piero ariyo, na hiyo ariyo ni mbili. Katika lugha hizo neno lenyewe ni mwalimu. Linamwambia mtoto kuwa ndani ya ishirini mna makumi mangapi. Kiswahili nacho kilikuwa na hesabu ya miongo hapo kale, lakini baadaye kikachukua ishirini, thelathini na arobaini kutoka kwa Kiarabu, na sasa ndani ya neno ishirini mbili haionekani. Mwongo umebakia kuwa jina la miaka kumi tu. Kwa upande mwingine, Kiswahili chetu husema wazi kumi na moja, kumi na mbili, ilhali Kiingereza kina maneno mawili pekee ya 11 na 12 yasiyofichua kuwa ndani yake mna kumi. Isitoshe, kwa Kiingereza 13 na 30 hutofautiana mwishoni mwa neno tu, jambo ambalo mtoto aliyeketi nyuma ya darasa la watu sabini hawezi kulisikia vyema.

Simaanishi kwamba lugha fulani ni hodari wa hesabu kuliko nyingine. Ninachosema ni kwamba kila lugha humsaidia mtoto mahali fulani na kumtatiza mahali pengine, na mtahini asiyejua mahali hapo atakuwa akipima asichokijua.

Nirudi kwenye karatasi. Palikuwa na michoro miwili ya saa ya ukutani. Katika mmoja, mkono mfupi ulielekea 8 na mrefu 12. Mtoto akaandika 2. Mkasi. Nilimwita barazani nikamwonyesha mchoro ule, nikamuuliza ni saa ngapi.

"Mjomba, si hiyo ni saa mbili, wakati kengele inapolia?" alinijibu, akinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mamaye.

Je, alikosa? Kwa Waswahili wote, kuanzia Lamu hadi Kigoma, ile ni saa mbili. Mtoto huyu amesoma mkono wa saa barabara, akakumbuka kuwa asubuhi jua likichomoza tunaanza kuhesabu upya, akatoa jibu ambalo lingemfikisha shuleni bila kuchelewa. Aliloshindwa nalo ni kujua kuwa swali likiulizwa kwa Kiingereza, saa nazo hubadilika. Hilo ni somo la tafsiri. Nalo lafaa kufundishwa, lakini si haki kuliandika katika hesabu zake.

Kisha palikuwa na maswali matatu ya kutoa na kulinganisha. Moja lilimtaka atoe nne kutoka kwa tisa, na Kiingereza cha vitabuni hukitanguliza kile kinachotolewa. Mtoto aliona 4 kwanza, akaandika 4 kutoa 9, akakwama. Mengine mawili yaliuliza mtu fulani ana maembe mangapi zaidi ya mwenzake. Mtoto alijumlisha.

Jambo hili la "mangapi zaidi" si geni kwa watafiti. Mwaka 1983 Mmarekani Tom Hudson alichapisha uchunguzi ambao ningependa kila mwalimu wa madarasa ya chini aufahamu. Aliwaonyesha watoto picha ya ndege na minyoo, ndege wakiwa wengi kuliko minyoo. Alipowauliza kuna ndege wangapi zaidi ya minyoo, wengi walishindwa. Akabadili maneno tu, picha ikiwa ile ile: ndege wote wakikimbilia minyoo, kila mmoja ashike mnyoo wake, ni ndege wangapi watakosa? Watoto wa darasa la kwanza karibu wote walijibu sawa. Hesabu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni sentensi.

Nami nilimjaribu mpwa wangu vivyo hivyo. Nilimwambia kuwa Asha ana maembe manane na Juma ana matano. Kila embe la Juma likipewa mwenzake wa kwa Asha, ni mangapi yatabaki pweke? "Matatu," alisema kabla sijamaliza kupanga vizibo vya soda. Nilipomwambia, "Una tisa, toa nne," alisema tano papo hapo.

Maswali manne ya mwisho yalikuwa hadithi fupi za hesabu, naye aliyaacha matupu. Nilimsomea kwa Kiswahili. Alipata matatu. Kwa hiyo, kati ya makosa kumi na matatu, manane yalikuwa ya lugha: mawili ya saa, matatu ya kutoa na kulinganisha, matatu ya kusoma. Ongeza yale saba aliyopata, utapata kumi na tano kati ya ishirini. Mtoto wa kumi na tano na mtoto wa saba hawaketi benchi moja, wala hawaandikiwi maneno mamoja katika ripoti.

Hata hivyo, naomba nieleweke. Sikuja hapa kumtetea mpwa wangu wala kudai kuwa mtihani ulidanganya katika kila jambo. Nilimpa maharagwe ishirini na matatu nikamtaka ayapange kwa makumi. Alihesabu moja moja hadi mwisho, hakufunga kumi hata moja. Nilipomwonyesha ile 2 katika 23 na kumwomba anipe maharagwe yanayosimama badala yake, alinipa maharagwe mawili. Hapo nilijua kuwa ana tatizo, na kwamba ni tatizo kubwa, kwa maana asiyejua makumi hataweza kukopa wala kubeba katika Gredi ya Tatu. Karatasi ilikuwa imeligusa tatizo hilo, lakini ililizika chini ya mengine tisa yasiyolihusu. Mwalimu aliyeambiwa "saba kati ya ishirini" hawezi kujua aanzie wapi. Mwalimu aliyeambiwa "hajui kufunga makumi" ataanza kesho asubuhi na njiti za kiberiti.

Yamkini msomaji atauliza kama jambo hili ni la karatasi moja mbovu. La hasha. Ni la mfumo mzima, na lina historia. Tume ya Gachathi mwaka 1976 ilipendekeza kuwa watoto wa madarasa matatu ya mwanzo wafundishwe kwa lugha inayotumika katika eneo la shule. Mtaala wa umilisi ulioanza kote nchini mwaka 2019 nao ulikubali kanuni hiyo. Lakini vitabu vya hisabati vya madarasa hayo hayo ni vya Kiingereza, na mitihani hufuata vitabu. Matokeo yake ni kwamba mwalimu hueleza kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, mtoto akaelewa kwa lugha hiyo, kisha siku ya mtihani akaulizwa kwa lugha nyingine. Kisha tunashangaa kuwa anatoa macho.

Pia tumeachiwa urithi wa KCPE. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na katika hisabati ulikuwa na maswali hamsini ya kuchagua jibu A, B, C au D. Mtihani umekwenda zake lakini kivuli chake kimebaki. Kimeteremka hadi Gredi ya Kwanza, ambako mtoto wa miaka sita huzungushia herufi duara na mwalimu hana njia ya kujua kama alihesabu, alibahatisha au alimchungulia jirani.

La kustaajabisha ni kwamba wale wanaopima taifa wanajua vizuri zaidi. Mradi wa Uwezo, ulioanza nchini mwaka 2009 kwa kufuata mfano wa India, uliwatuma watu wa kujitolea majumbani, wakaketi na mtoto mmoja mmoja na kumpandisha ngazi: kutambua namba, kujua ipi kubwa, kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya. Mtoto alipokwama ndipo walipoandika. Ule upimaji wa hisabati ya madarasa ya mwanzo uitwao EGMA, uliobuniwa na taasisi ya RTI ya Marekani na kutumiwa katika nchi nyingi za Afrika, nao hufanywa kwa mdomo, mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Maswali ya hadithi humsomea mtoto kwa lugha anayoielewa, naye hupewa vihesabio vya kushika mkononi. Wanaotafuta wastani wa taifa humketisha mtoto na kumsikiliza. Sisi tunaotaka kumjua mtoto mwenyewe, tunamrushia karatasi.

Ripoti hizo za Uwezo zilitutia aibu kwa kuonyesha kuwa watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kazi ya darasa la pili. Aibu hiyo ni ya haki, na sitaki mtu yeyote aitumie makala hii kuikwepa. Wako watoto wengi ambao kweli hawajui kuhesabu, hata ukiwauliza kwa lugha ya nyanya zao. Lakini ndiyo sababu tunahitaji kipimo kinachotenganisha asiyejua na asiyeelewa swali. Daktari akichanganya malaria na homa ya matumbo, dawa haitamponya yeyote kati ya hao wawili.

Wala tusidhani kuwa hesabu ya mtoto huishi shuleni peke yake. Mwaka 1985 Terezinha Carraher na wenzake wawili walieleza habari za watoto watano waliokuwa wachuuzi katika jiji la Recife nchini Brazil, wenye umri wa kati ya miaka tisa na kumi na mitano. Barabarani, wakiuza nazi na matunda, walipata hesabu 98 kati ya kila 100. Walipopewa hesabu za namna ile ile kwa kalamu na karatasi, bila hadithi, walipata 37 tu kati ya 100. Nasi tunao wao hapa. Kijana wa Eastleigh au Kongowea anajua kuwa mbao tano ni soo, yaani shilingi ishirini mara tano ni mia moja, kabla hajafundishwa jedwali la kuzidisha. Mtihani usiokuwa na mlango wa kuingizia maarifa hayo umeyatupa bure.

Kuna pingamizi mbili ambazo ni lazima nizijibu. Ya kwanza ni kwamba Kiingereza kitafika tu, maana kuanzia Gredi ya Nne ndicho lugha ya kufundishia. Basi afadhali mtoto akizoee mapema. Nakubali kuwa ni lazima akijue. Lakini kipimo cha Kiingereza kina kipindi chake na alama zake. Tukikichanganya ndani ya hisabati, mtoto mmoja ataadhibiwa mara mbili kwa kosa moja, na mwingine mwenye Kiingereza chepesi atapita huku hajui makumi ni nini. Huyu wa pili ndiye atakayetushangaza Gredi ya Sita. Wala dawa si kutafsiri karatasi kwa Kiswahili na kulala usingizi. Kiswahili nacho kina mitego yake: mtoto husema mbili akihesabu, lakini vikombe ni viwili, machungwa ni mawili na watu ni wawili, ilhali sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki kamwe. Mtoto anayejifunza Kiswahili ugenini atayumba hapo pia.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, na hutoka kwa walimu wenyewe: darasa lina watoto sabini, mwalimu ni mmoja. Nani ana muda wa kuketi na kila mtoto barazani na vizibo vya soda? Hoja hii siipuuzi, na wizara isijifiche nyuma ya juhudi za mwalimu ili isiajiri wengine. Lakini tupige hesabu. Mwalimu akiwasikiliza watoto watano kila siku, dakika tatu kila mmoja, atatumia robo saa, na kwa siku kumi na nne za masomo atakuwa amewamaliza wote sabini. Hizo hazifiki wiki tatu. Katika muhula mmoja anaweza kuwasikiliza mara mbili na zaidi. Maswali yawe matatu tu: nihesabie hivi; nionyeshe namba hii kwa vitu; nieleze ulivyopata. Hilo la tatu ndilo lenye hazina.

Ningependekeza pia kuwa ripoti zetu zibebe sentensi moja pamoja na kile kiwango. Kukaribia Matarajio, Mbali na Matarajio, haya ni maneno ya umbali, na umbali bila mwelekeo haumsaidii msafiri. Mzazi aandikiwe kile mtoto anachoweza, na kile kimoja kinachofuata. Nao watungaji wa mitihani, wa Baraza la Mitihani na wale wa kibiashara, wawe na mtu wa lugha mezani pao kabla karatasi haijaenda kiwandani.

Kwa wanafunzi wangu wa ualimu wanaosoma safu hii, nina zoezi. Mtakapokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha, chukueni karatasi kumi za hisabati zilizokwisha kusahihishwa. Msiziangalie alama. Yapangeni makosa kwa mafungu: haya ni ya nafasi, haya ni ya maneno ya swali, haya ni ya kusoma, haya ni ya haraka tu. Mtashangaa jinsi mafungu yalivyo machache.

Kuhusu mpwa wangu, dada alirudi shuleni na ile orodha ya mafungu niliyomwandikia. Mwalimu, mama mwenye subira aliyechoka, aliisoma yote, akasema hakuwahi kuwa na nafasi ya kumsikiliza mtoto huyo peke yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 hairuhusu mtoto kuzuiwa darasani, lakini wazazi wengi hawaijui, na ushauri wa mwalimu mbele yao ni amri. Wamekubaliana kuwa msichana ataendelea mbele na wenzake, naye kila jioni atafunga njiti kumi kumi kwa uzi. Juzi alinionyesha vifungu vinne na njiti tano zilizobaki. Nilimwomba aandike. Aliandika 4, akanyamaza kidogo, akavitazama vifungu vyake tena, kisha akaandika 5.

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Tukumbuke, walimu wenzangu, kwamba hata sisi tunaouliza twapaswa kujua tunauliza nini.